Kibandiko Chekundu Kwenye Pipa la Kijani

Mkunga aliporudi kutoka kazini Jumatatu asubuhi, mapipa ya kijani ya mtaa mzima yalikuwa matupu, vifuniko vikining'inia nyuma, isipokuwa la kwake. La kwake lilisimama palepale alipoliacha, limejaa pomoni, na ubavuni limebandikwa karatasi nyekundu ya ukubwa wa kiganja. Karatasi ilisema taka za bustani hazikuchukuliwa kwa sababu zina udongo. Chini palikuwa na saini, na saini hiyo aliijua. Ilikuwa ya shemeji yake.

Alisimama na mkoba begani, akaisoma tena. Saini ile aliiona ikifanyiwa mazoezi mezani kwake, nyuma ya bili ya umeme, wiki ambayo kijana wa watu alipata kazi.

Mtaani walimwita Mkunga kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu nusu ya watoto waliokuwa wakibamiza mpira ukutani kwake aliwapokea yeye siku ya kwanza. Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, kitinda mimba kwao, na nyumbani jina likabaki Kitinda, ingawa alishatimiza miaka thelathini na moja. Alikaa kwao chumba cha uani karibu miaka miwili, hana kazi, hana raha, anaosha vyombo bila kuambiwa kwa sababu ya aibu ya kula bure. Tangazo la kutafuta wapakiaji wa gari la taka Mkunga ndiye aliyeliona, kwenye ubao wa zahanati. Barua aliandika yeye. Shati la usaili alilipiga pasi yeye. Kitinda alipoajiriwa alihamia chumba chake mwenyewe, akaanza kujifunza udereva wa magari makubwa ili siku moja ahame kutoka kwenye ngazi ya nyuma ya gari aingie mbele kwenye usukani. Jumapili alikuja kula, anaingia hadi jikoni anafunua sufuria.

Kwa hiyo kibandiko kile kilimchoma kuliko ambavyo kingemchoma kikitoka kwa mtu baki.

Tena hakikuja wakati mzuri. Nyuma ya nyumba Mkunga alikuwa na miche sitini ya nyanya, mingine kwenye matuta, mingine kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Ilinyesha wiki nzima, na mvua ilipokatika majani yakaota mabaka ya kahawia, kisha mashina yakawa meusi kama yaliyounguzwa. Bwana shamba mmoja, ambaye mkewe alijifungulia mikononi mwa Mkunga, alikuja akatazama, akatikisa kichwa. Alimwambia ang'oe miche yote iliyougua, asiizike, asiitupe kwenye shimo la mboji, na aitoe uani haraka, kwa maana ugonjwa huo unasafiri kwa upepo. Kuchoma moto mtaani kulikatazwa, nyumba zimebanana. Ikabaki njia moja, pipa la kijani la taka za bustani, ambalo gari lake hupita Jumatatu moja likaacha nyingine.

Alimpigia Kitinda kabla hajavua viatu. Kitinda alipokea kwa adabu kama kawaida yake. Alieleza kwamba mizizi ilikuwa na mabonge ya udongo, na udongo haupokelewi. Mkunga akamuuliza ni mzizi gani unaotoka ardhini bila udongo. Kitinda akasema unakung'uta, shemeji, unaukung'uta mpaka uwe safi, au unakata shina juu na mzizi unaacha. Mkunga alidhani anataniwa. Akasubiri acheke, na Kitinda hakucheka. Akamwambia haya, kazi njema, akakata simu.

Basi kwa wiki mbili alikata. Akirudi zamu anabadili nguo, anakaa kwenye kigoda uani na mkasi wa kupogolea, anatenganisha mashina na mizizi, mmoja mmoja. Pipa akalimwaga, akalijaza upya, safari hii bila chembe ya mchanga. Jua nalo halikumhurumia. Mashina yakaoza humo ndani, yakatoa harufu ya mboga zilizosahauliwa kwenye mfuko, na inzi wakahamia. Mumewe, fundi umeme, mtu asiyependa kujitia katikati ya ugomvi wowote, alipita mbali na pipa kama anayepita mbali na mbwa asiyemjua.

Siku ya kumi akaja jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu mstaafu, ameshika jani la nyanya kwa vidole viwili kama karatasi ya mtihani ya mwanafunzi aliyefeli. Lilikuwa na mabaka. Hakugomba. Alisema tu kwamba miche yake ilikuwa mizima mpaka juzi, na kwamba anaomba kujua, kwa heshima zote, lile pipa litaondoka lini. Mkunga alimwahidi Jumatatu. Alipofunga mlango alihisi masikio yanamwaka.

Jumatatu ilifika. Alikuwa zamu ya mchana, hivyo aliliweka pipa barabarani mwenyewe alfajiri, akaingia kuoga. Alipotoka gari lilishapita. Kibandiko kipya kilikuwa juu ya kile cha zamani. Sababu: plastiki. Alipoinama kutazama aliziona. Zilikuwa kamba nyembamba za nailoni alizofungia miche kwenye miti ya kuishikilia, zimejizungusha kwenye mashina, labda mbili kwa kila mche. Hakuzifikiria hata kidogo.

Siku hiyo zahanati alikwenda amefura. Mwenzake wa zamu alimuuliza kuna nini, akasema hakuna, kisha akavuta pazia la wodi kwa nguvu hadi pete mbili zikakatika.

Jioni alimweleza mumewe kwamba mdogo wake amepata cheo cha kumkagua. Mumewe alijikuna shingo. Alishauri waweke majani ya ua juu, wafunike yote yaliyo chini, nani atachimbua. Mkunga akasema yeye si mtu wa kuficha taka kama mwizi, na zaidi ya hapo Kitinda atachimbua, anamjua. Mumewe akakubali kwamba kweli, atachimbua. Alisema hivyo kwa sauti yenye fahari kidogo, na hilo likamuudhi Mkunga zaidi.

Akakata kamba. Mia moja na ushee, zimelowa, zinateleza, nyingine zimezama ndani ya shina lililooza ikabidi azichokonoe kwa kucha. Mikono ilinuka hata baada ya sabuni ya hospitali. Wakati huo huo ugonjwa ulikuwa umeshahamia kwenye ndoo alizodhani zimesalimika, na hizo nazo akang'oa. Mwalimu mstaafu hakuja tena kulalamika, ila alianza kumwamkia kwa kirefu mno, neno moja baada ya jingine, kama anayemhesabia.

Jumatatu ya tatu Mkunga aliomba aingie kazini kwa kuchelewa. Alisubiri mlangoni. Gari lilikuja likiguna, dereva mbele, wapakiaji wawili nyuma, na Kitinda akaruka chini na glovu zake za ngozi. Alimsalimia, shikamoo shemeji, akafunua pipa, akachunguza, akageuza kwa fimbo. Udongo hakuna. Plastiki hakuna. Mkunga alijikuta amebana pumzi kama mama aliyesubirishwa majibu ya vipimo. Kisha Kitinda akateremsha kifuniko, na kifuniko kikakataa kufunga. Kilibaki wazi shubiri moja, kwa sababu zile ndoo za mwisho ziliongeza mzigo.

Kitinda alimtazama, akatazama kamera ndogo iliyofungwa juu ya mlango wa nyuma wa gari.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "kifuniko lazima kifunge. Mkono wa gari ukiinua hivi, nusu inamwagika barabarani."

"Basi subiri nipunguze."

Alianza kuchota kwa mikono, anatupa mashina yaliyooza mlangoni kwake, matone meusi yanaruka kwenye sare yake nyeupe. Dereva alipiga honi mara moja, kisha mara ya pili. Mpakiaji mwingine aliita kwamba wamechelewa mtaa mzima. Kitinda aliinua mkono kuwaomba dakika, lakini gari lilishaanza kusogea, na sheria yao ilikuwa hivyo, gari likisogea mtu anapanda. Alitoa kibandiko mfukoni, akakibandika, akatia saini haraka.

"Nisamehe, shemeji. Wiki mbili tu."

"Kitinda, mimi ndiye niliyekuandikia barua ya kazi hii."

Alilisema mbele ya mpakiaji mwenzake, mbele ya mwalimu mstaafu aliyekuwa amesimama dirishani, kwa sauti iliyofika nyumba ya nne. Kitinda aliinamisha uso. Alikimbilia ngazi ya gari, akadandia, gari likakata kona.

Hapo ndipo Mkunga alipofanya jambo alilokuja kulijutia. Aliingia ndani na mikono yake michafu, akapiga namba iliyochapishwa kwenye kibandiko. Alipigwa danadana kwa saa nzima. Dawati la mapipa lilisema hilo ni la bustani. Dawati la bustani lilisema mapipa yasiyochukuliwa yana dawati lake. Huko alisikiliza muziki uleule ukianza na kuisha mara kumi na moja, na mara mbili simu ilikatika akaanza upya. Mwishowe akapokea karani mwenye sauti ya mtu anayesoma maandishi ukutani, akamwambia kwamba kwa upande wa taka hakuna la kufanya, masharti ni masharti, ila kama ana malalamiko dhidi ya mfanyakazi, hilo anaweza kuliandika mara moja.

Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza asubuhi hiyo kuambiwa kwamba kuna kitu kinawezekana. Mkunga akasema ndiyo, analo. Karani akauliza kama mfanyakazi alimdhalilisha. Mkunga alitazama sare yake, akasema ndiyo. Akauliza kama anaona mfanyakazi ana chuki binafsi. Mkunga akasema inaonekana hivyo, mara tatu mfululizo pipa lake peke yake. Karani akauliza kama wanafahamiana. Mkunga akasema hapana.

Wiki mbili zilizofuata Kitinda hakuja Jumapili hata moja. Alituma ujumbe kwamba amebanwa.

Jumatatu ya nne lilikuja gari lilelile na wapakiaji wengine. Mkunga alikuwa amepunguza, amefunga kifuniko vizuri, ameweka na kipande cha tofali juu. Walitupa tofali kando, wakaingiza pipa, mkono wa gari ukainua, ukamwaga, basi. Hakuna aliyefunua. Nyumba ya pili yake walichukua pipa lililokuwa na mfuko mweusi juu wenye nepi za mtoto, zinaonekana waziwazi. Wakamwaga na huo. Mkunga alibaki ameshika pipa tupu. Wiki sita alikuwa akiisubiri siku hiyo, na sasa alitamani kumtupia mtu jiwe.

Jioni mama mkwe alipiga simu. Alikuwa mama wa maneno mengi, lakini siku hiyo alianza na kilio. Mwanawe ametolewa kwenye gari, amepelekwa uwanja wa taka kuchambua uchafu, na mafunzo ya udereva yamesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Kuna mwanamke wa mtaa huohuo wa Mkunga aliyemsemea uongo ofisini. Mama mkwe alitaka Mkunga, ambaye anawajua wote, amtafute huyo mwanamke, ampeleke kwake hata kwa kumburuza, aje aseme mbele yake mwanawe amemkosea nini.

Mkunga alisema sawa mama, nimesikia mama. Alipoweka simu chini alikaa sakafuni palepale kwenye korido.

Mumewe alimkuta hapohapo. Mkunga alimweleza yote, hata lile la kusema hawafahamiani. Mumewe alikaa naye sakafuni, mgongo ukutani. Bisibisi ilizunguka vidoleni mwake.

"Kesho una mapumziko," alisema mwishowe. "Nenda."

"Nikaseme nini?"

"Mimi nitajuaje? Nenda tu."

Asubuhi Mkunga aligonga kwa mwalimu mstaafu. Alimwambia kwamba anakwenda uwanja wa taka za bustani, na kwamba yuko tayari kumpelekea miche yake yote iliyougua. Mwalimu akatoa mifuko sita mikubwa iliyokuwa imeshafungwa, inasubiri. Waliipakia nyuma ya gari la kazi la mumewe, katikati ya nyaya na ngazi.

Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji, umezungushiwa bati. Ndani palikuwa na milima ya majani, nyasi na matawi, inafuka mvuke kama vyungu. Kando ya mlima mmoja kulikuwa na meza ndefu ya chuma, na watu saba wamejipanga, wengine wamefunga vitambaa puani. Malundo yalimwagwa mezani na wao wakachokora kwa mikono. Kitinda alikuwa wa tatu. Mkunga alisimama akamwangalia kabla yeye hajamwona. Kitinda alitoa ndoo ya plastiki. Akatoa kamba. Akatoa nepi, akaishika kwa mbali, akaitupa kwenye pipa la nyuma. Akatoa bonge la udongo lenye ukubwa wa kichwa, akalibeba kwa mikono miwili.

Alipomwona alivua glovu moja, akasogea. Alimwamkia kama siku zote. Alitazama mifuko.

"Ya nani hiyo?"

"Ya mwalimu. Kitinda, sikuja kwa ajili ya mifuko. Aliyekushtaki ni mimi."

"Najua, shemeji. Walinisomea. Namba ya nyumba ilikuwemo."

Mkunga alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kununiwa, hata kwa machozi. Kwa hili hakujiandaa. Alimuuliza mbona basi hakumwambia mama yake. Kitinda alitazama mlima wa nyasi. Alisema mama angekuja mtaani kwenu na kanga kiunoni, na angekuja na shangazi zetu wote, na wewe una presha. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba la udongo na la kifuniko anaweza kulisahau, watu wengi humtukana kwa hayo. Lakini lile la kusema hamjui, alilisikia likisomwa mbele ya msimamizi, na msimamizi akamuuliza unamfahamu huyu mama. Naye akajibu hapana.

"Nilikuwa na hasira," Mkunga alisema.

"Najua."

"Haikuwa kweli hata neno moja."

"Plastiki ilikuwa kweli," Kitinda alisema. "Mimi ndiye niliyeiona."

Alimpeleka kwa msimamizi, mtu mnene aliyekaa kwenye kontena lenye feni. Mkunga alisema amekuja kufuta malalamiko, kwamba alidanganya, kwamba mfanyakazi huyo ni mdogo wa mumewe na ni mtu mwaminifu kupita kiasi. Msimamizi alimsikiliza, akapiga miayo, akasema yeye hana mamlaka. Malalamiko yaliyopokelewa kwa simu yanafutwa kwa simu, kwa namba ileile, halafu kamati inakaa. Kamati inakaa lini? Inapokaa. Mkunga alimwomba aandike basi hata karatasi. Msimamizi akasema karatasi za malalamiko ni za dawati jingine.

Alitoka nje akapiga namba. Muziki ukaanza. Akiwa na simu begani, ameibana kwa sikio, alikwenda kufungua gari. Alianza kushusha mifuko ya mwalimu, na Kitinda akamwambia kwamba mfuko wenyewe haupokelewi, amimine, mifuko arudi nayo. Pia akung'ute mizizi. Mkunga alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anatania, wala hakuwa anamlipizia. Akarudi mezani kwake, akavaa glovu.

Mkunga alikung'uta miche arobaini na kitu, peke yake, juani, na muziki sikioni.

Kwa mama mkwe alikwenda Jumamosi, na mumewe. Hakutaka mama asikie kwa mtu mwingine. Alipomaliza kueleza, mama mkwe hakulia wala hakufunga kanga. Alinyanyuka akaenda chumbani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo, kwa miezi mitatu, hakumsemesha. Mkunga akiwa amekaa mbele yake kwenye kiti, mama alimwambia mwanawe, mwambie mkeo chai inapoa. Mumewe, maskini, alitafsiri kama mkalimani wa mkutano: mama anasema chai inapoa. Mkunga alijibu asante mama, na hilo nalo lilibidi litafsiriwe.

Alipiga ile namba mara tisa. Mara ya tisa walimkubalia. Jibu la maandishi lilikuja baadaye, likimshukuru kwa maoni yake na kumwambia kwamba huduma bora ni haki yake. Kuhusu Kitinda halikusema kitu. Mumewe alimkataza kulichana, akaliweka kwenye droo ya nyaraka za nyumba.

Matuta aliyaacha matupu, kwa ushauri wa bwana shamba, na msimu huo mwalimu naye hakupanda. Mapipa yaliendelea kuchukuliwa bila kufunuliwa. Watu mtaani waliwasifu wapakiaji wapya kwa upole wao.

Msimu wa baridi ulikuwa umeshaingia simu ilipolia zahanati, wakati wa chai. Kitinda alikuwa ameshampigia mama yake, kisha kaka yake. Yeye alikuwa wa tatu.

"Shemeji, wamenirudisha barabarani. Na mafunzo wameniruhusu."

Mkunga alitoka na simu hadi kwenye ngazi za nje, apate kusikia vizuri. Alimuuliza amepangiwa mtaa gani. Kitinda akautaja. Ulikuwa upande wa pili wa mji kabisa, huko hawana hata ndugu.

"Huko watu wanalima?"

"Wanalima sana," Kitinda alisema. "Leo tu nimebandika kumi na nne. Mzee mmoja amenifukuza na reki."

Mkunga alicheka, kisha akajiona anacheka, akanyamaza. Alitaka kumwambia kwamba Jumapili kutakuwa na chakula. Kitinda alisema gari linaondoka, watazungumza.

"Haya," alisema Mkunga. "Kazi njema."

Alirudi ndani. Wodini mama wa kitanda cha tatu alikuwa ameanza uchungu.